Geuza Pakiti Usome Mgongo: Tambi za Haraka katika Jikoni za Mosocho

Wiki ya kufungua shule, matatu zinazotoka Mosocho kwenda mjini Kisii hubeba wazazi wenye orodha ndefu: sabuni ya kipande, karatasi za chooni, dawa ya meno, soksi. Karibu na mwisho wa orodha, kwa mwandiko ambao mara nyingi si wa mzazi, huwa pameandikwa indomie. Jina hilo ni la bidhaa ya kampuni moja, lakini watoto wa Kisii na Nyamira huita hivyo tambi zote za pakiti zinazoiva kwa dakika mbili au tatu, hata zikiwa zimetoka kiwanda kingine. Supamaketini mzazi hukuta rafu nzima: za kuku, za nyama, za mboga, za pilipili, ndogo za gramu 70, kubwa za gramu 120, nyingine zimo ndani ya vikombe. Huchukua za bei nafuu, au zile ambazo mtoto alisisitiza, kisha huyo, anaelekea kwenye sukari.

Kijitabu hiki kinamwomba mzazi huyo asimame rafuni kwa dakika moja tu. Hakimkatazi kununua tambi. Kinamwomba ageuze pakiti asome mgongo wake, kwa sababu uso wa pakiti ni tangazo la biashara, na mambo yanayoihusu afya ya nyumba yameandikwa nyuma kwa herufi ndogo.

Tambi hizi zilianzia Japani. Mwaka 1958 Momofuku Ando, mwanzilishi wa kampuni ya Nissin, alianza kuuza tambi zilizokwisha kupikwa kwa mvuke kisha zikakaangwa katika mafuta moto. Kukaanga huko hufukuza karibu maji yote, ndiyo maana pakiti hukaa dukani miezi mingi bila kuoza; pia huacha vitundu vidogo ndani ya kila uzi, na maji ya moto yakimwagwa juu, tambi huyanywa mara moja. Leo dunia hula zaidi ya pakiti bilioni 120 kwa mwaka, kwa hesabu ya chama cha kimataifa cha watengenezaji. Kenya nayo imo. Nissin hiyohiyo iliwahi kuungana na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Juja, JKUAT, kuunda kampuni ya kutengeneza tambi za kuuzia Wakenya.

Kwa hiyo anayezila ajue tangu mwanzo kwamba kwa kawaida anakula kitu kilichokaangwa, hata kama jikoni kwake kimechemshwa kwa maji matupu.

Uvumi na habari za kweli

Kila baada ya muda huzuka maneno kwenye simu: tambi zimepakwa nta ili zisishikane, nta hiyo hukaa tumboni siku kadhaa. Si kweli. Hakuna nta; yanayozuia nyuzi kushikana ni mafuta yale ya kukaangia. Uvumi wa namna hii una ubaya wake, maana ukishagundulika kuwa uongo, watu hudhani kila onyo kuhusu tambi ni porojo.

Yapo matukio ya kweli. Mwezi Juni 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya India ilipiga marufuku tambi za Maggi baada ya maabara ya serikali kuripoti madini ya risasi yaliyozidi kiwango kinachoruhusiwa, na baada ya kubaini kwamba pakiti zilizoandikwa kwamba hazikuongezwa kikolezo cha MSG zilikutwa nacho. Habari ilifika Afrika Mashariki siku hizohizo. Nakumatt, iliyokuwa supamaketi kubwa kuliko zote katika ukanda huu, iliziondoa tambi za Maggi kwenye rafu zake. Agosti mwaka huo Mahakama Kuu ya Bombay ilifuta marufuku hiyo na kuamuru vipimo vipya; tambi zikapita, na Novemba zikarudi madukani India. Miaka saba baadaye, Mei 2022, tume ya ushindani ya COMESA, soko la pamoja ambalo Kenya ni mwanachama wake, ilitangaza kuchunguza madai kwamba baadhi ya tambi za Indomie zilikuwa na sumu ya kuvu na mabaki ya viuatilifu kupita kiasi.

Matukio haya huvuma wiki mbili, mamlaka hupima, bidhaa huondolewa au husafishwa jina, na maisha huendelea. Ni kazi ya serikali, na mama wa Mosocho hana maabara jikoni. Kuna hatari nyingine ambayo haivumi kabisa, imeandikwa wazi kwenye kila pakiti kwa idhini ya sheria, na hiyo mama anaweza kuipima kwa macho yake. Ni chumvi, pamoja na ile ya kijipakiti cha viungo kilichomo ndani.

Hesabu ya kijipakiti

Nyuma ya pakiti kuna jedwali. Mstari wa kutafutwa ni ule ulioandikwa Sodium kwa Kiingereza, yaani sodiamu, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku. Hiyo ni sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja kidogo cha chai kisicho na kilima, kwa chakula chote cha siku: ugali hauna, lakini mboga inayo, mkate unayo, mchuzi unayo. Binadamu wa kawaida duniani hula zaidi ya maradufu ya kiasi hicho.

Kugeuza sodiamu kuwa chumvi ni rahisi: zidisha kwa mbili na nusu. Tuseme jedwali linasema miligramu 1,400 katika kila gramu 100. Pakiti ndogo ya gramu 70 itakuwa na miligramu 980, yaani karibu gramu 2.5 za chumvi. Hiyo ni nusu ya siku nzima, katika chakula ambacho kijana wa kidato cha pili hukiita cha kuonja tu. Pakiti kubwa ya gramu 120 ya aina hiyohiyo itafika gramu 4.2. Akiongeza kijiko cha kikolezo cha Royco na chumvi kidogo ya mkono, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, amekwisha kuvuka mpaka kabla jua halijatua.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu watengenezaji hawaandiki kwa namna moja. Mmoja huandika kwa gramu 100, mwingine kwa pakiti nzima, na wa tatu kwa kile anachokiita kipimo cha mlo mmoja, ambacho huenda kikawa nusu ya pakiti. Nani hula nusu ya pakiti akafunga iliyobaki? Anayelinganisha pakiti mbili alinganishe kwa gramu 100, ndiyo mizani ya haki.

Na kulinganisha kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kukagua tambi za haraka 765 katika nchi 10. Wastani wa China ulikuwa miligramu 1,944 za sodiamu kwa kila gramu 100. Wa New Zealand, miligramu 798. Chakula ni kilekile, sura ni ileile, chumvi imepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kuipunguza kikitaka, na mnunuzi anaweza kukisukuma kwa kuchagua pakiti yenye namba ndogo. Uingereza, chakula chenye zaidi ya miligramu 600 za sodiamu kwa gramu 100 huhesabiwa kuwa cha chumvi nyingi na hupewa rangi nyekundu. Karibu rafu nzima ya tambi ingekuwa nyekundu kwa kipimo hicho. Chile ilikwenda mbali zaidi: tangu Juni 2016 chakula kilichozidisha chumvi, sukari au mafuta mabaya hubandikwa alama nyeusi yenye pembe nane usoni mwa pakiti, hata asiyejua kusoma anaiona. Mnunuzi wa Kisii bado anategemea jedwali la nyuma na miwani yake.

Kwa nini kelele zote hizi kuhusu chumvi? Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Presha haiumi. Humkuta mtu shambani akichuma chai, akijiona mzima kabisa, mpaka siku mshipa unapopasuka kichwani au figo zinapochoka.

Kwa mtoto hesabu ni kali zaidi. Mwongozo wa Uingereza unampa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 gramu 2 za chumvi kwa siku, na wa miaka 4 hadi 6 gramu 3. Ile pakiti ya mfano wetu, yenye gramu 2.5, imekwisha kumzidi mtoto wa miaka mitatu kabla hajala kitu kingine chochote. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe tambi za kijipakiti kabisa. Figo zake bado changa.

Yaliyoandikwa usoni

Picha ya pakiti huonyesha bakuli linalofuka mvuke, paja la kuku, karoti zilizokatwa vizuri na nusu ya yai. Ndani hamna yai. Huenda hata kuku hamna. Maneno yanayosema ladha ya kuku yanaahidi ladha, hayaahidi nyama, na ladha hiyo inaweza kutoka kwa chumvi, sukari, unga wa vitunguu na vikolezo vya kiwandani. Za mboga nazo mara nyingi hubeba chembe za karoti kavu na majani makavu ambayo yote kwa pamoja hayajazi kijiko.

Njia ya kujua ukweli ni orodha ya viambato. Kwa kanuni za lebo, kinachotangulia ndicho kingi zaidi, na cha mwisho ndicho kichache. Kwa kawaida orodha huanza na unga wa ngano, hufuata mafuta ya mawese, kisha chumvi. Neno kuku likionekana mwishoni kabisa, baada ya rangi, mzazi amepata jibu lake.

Zile herufi E zenye namba huwatisha watu kuliko zinavyostahili. E500 na E501 ni magadi ya aina yake, yanayozipa tambi rangi ya manjano na mvutano mdomoni. E621 ndiyo MSG yenyewe. Wataalamu wa kimataifa wa viungo vya chakula huiona salama kwa kiasi cha kawaida, ila nayo ina sodiamu ndani yake, kwa hiyo inaongeza ileile hesabu tuliyofanya. E319 huzuia mafuta yasichache. Ya kuangaliwa kwa jicho la pili ni E102, rangi ya manjano iitwayo tatrazini: tangu 2010 nchi za Umoja wa Ulaya hutaka chakula chenye rangi hiyo kiandikwe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Kama kuna pakiti mbili za bei moja na moja imetiwa rangi ya manjano ya bizari badala ya hiyo, uamuzi si mgumu.

Mafuta nayo si madogo. Tambi zilizokaangwa huwa na kati ya gramu 15 na 20 za mafuta katika kila gramu 100, na kwa kuwa mawese ndiyo yanayotumika zaidi, karibu nusu ni yale yanayoganda na kuziba mishipa. Zipo tambi zilizokaushwa kwa hewa moto bila kukaangwa, na pakiti yake husema hivyo kwa majivuno. Zikipatikana, ni bora. Watafiti waliochunguza takwimu za watu wazima 10,711 wa Korea Kusini, na kuchapisha mwaka 2014, waliona kwamba wanawake waliokula tambi za haraka mara mbili au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano wa asilimia 68 zaidi wa kuwa na mkusanyiko wa dalili zinazotangulia kisukari na ugonjwa wa moyo: kitambi, presha, sukari ya juu. Utafiti huo hauthibitishi kwamba tambi peke yake ndizo zilizowafikisha hapo. Lakini unatosha kumfanya mtu azitoe kwenye chakula cha kila jioni.

Kabla ya kulipa, macho yapite mahali pawili pa mwisho. Kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi, hasa katika maduka madogo ambako katoni hukaa juani; pakiti ikifunguliwa ikanuka kama mafuta ya jana, itupwe. Pili alama ya Shirika la Viwango, KEBS. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya huwa na alama ya ubora yenye namba ya kibali chini yake, na iliyoagizwa kutoka nje huwa na stika yake. Anayeitilia shaka alama ya kiwanda cha hapa nchini huandika SM# ikifuatwa na namba ya kibali na kutuma ujumbe kwa 20023; jibu huja na jina la bidhaa na kampuni. Alama hiyo inathibitisha kwamba bidhaa imefikia kiwango kilichowekwa. Haisemi kwamba chumvi ni kidogo, na wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Sufuria ya Kisii

Chaguo bora kuliko yote mara nyingi haliko kwenye rafu hiyo. Liko hatua chache pembeni: tambi ndefu za kawaida, zile ambazo Wakenya huziita spageti, katika pakiti ya gramu 400 au 500. Hazikukaangwa, hazina kijipakiti, na sodiamu yake ni karibu na sifuri. Huiva kwa dakika kumi badala ya mbili, pakiti moja hulisha watu wanne, na chumvi yote itakayoingia ni ile iliyotoka mkononi mwa mpishi. Kwa nyumba yenye watoto watatu, hata mfuko utafurahi.

Lakini mtoto ameomba zile za dakika mbili na zimekwisha kununuliwa. Basi zipikwe kwa akili. Zichemshwe, maji ya kwanza yamwagwe, maana yamebeba sehemu ya mafuta na chumvi iliyokuwa ndani ya tambi zenyewe. Halafu kijipakiti kikatwe na kitumike nusu. Nusu nyingine itupwe, isiwekwe kwa ajili ya mboga ya kesho. Royco isiguswe siku hiyo, wala chumvi. Ladha iliyopungua irudishwe kwa kitunguu kilichokaangwa, nyanya, tangawizi, dania, au ndimu.

Kisha kinakuja kile ambacho viwanda haviwezi kukitia ndani ya plastiki, na ambacho Mosocho inacho tele. Soko la Daraja Mbili mjini Kisii huuza mboga zinazosafiri usiku hadi Nairobi: managu, kunde, enderema, chinsaga, sukuma wiki. Ingekuwa ajabu nyumba iliyo karibu na soko hilo ile tambi tupu. Konzi mbili za managu au enderema ziingie sufuriani dakika chache kabla ya tambi. Chinsaga, kusema kweli, haipatani nazo. Uchungu wake unataka maziwa na moto wa taratibu, na ni heri ipikwe kivyake iliwe na obokima, yaani ugali. Mboga hizi zina madini ya potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa sodiamu na kushusha presha, sawa na ndizi mbivu na parachichi ambazo huanguka chini ya miti kila msimu. Mwenye ugonjwa wa figo anapaswa kumwuliza daktari kwanza kuhusu potasiamu.

Protini nayo haimo ya kutosha. Pakiti ya gramu 70 hutoa gramu sita au saba hivi. Yai moja huongeza sita nyingine, na omena zilizooshwa vizuri, maharagwe yaliyobaki jana au njugu zilizotwangwa hufanya kazi ileile.

Mwanafunzi wa bweni asiye na jiko ana tatizo la peke yake. Wengi huzivunja zikiwa kavu, huzinyunyizia kijipakiti chote, hutikisa na kula kama chipsi. Tambi zenyewe zimekwisha kupikwa kiwandani, kwa hiyo hazitamdhuru kwa ubichi. Ila chumvi yote imemezwa bila tone la mboga, na kwa kawaida bila maji. Shule ikiruhusu vyakula kutoka nyumbani, mzazi anaweza kumpakia njugu za kukaanga zisizo na chumvi na ndizi ambazo hazijaiva sawasawa, zitakazoivia njiani. Nyumbani likizoni, uji wa wimbi wa asubuhi una takriban miligramu 340 za kalisi katika kila gramu 100 za unga wake, na tambi haziukaribii hata kidogo katika hilo.

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, pakiti moja kwa wiki, iliyopikwa kwa nusu ya kijipakiti na kujazwa mboga, haina neno. Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, na mama mjamzito ambaye miguu imeanza kuvimba wasitumie kijipakiti kabisa. Na asiyejua presha yake aulize. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya kupimia presha na ya kupimia sukari, na kazi yao ni kuzunguka nyumba hadi nyumba. Mmoja wao akipita kijijini kwenu wiki hii, mkaribisheni ndani, kila mtu mzima wa nyumba apimwe, na namba ziandikwe.